Faida Huhesabiwa kwa Mzigo Mzima

Katika maswali ya hisabati ya shule zetu, kila kinachonunuliwa huuzwa. Mfanyabiashara hununua shati kwa Sh8,000, huliuza kwa Sh10,000, mwanafunzi huulizwa faida ni asilimia ngapi, hujibu 25, hupata alama zake na darasa huhamia kwenye riba. Hakuna shati lililochanika, hakuna mteja aliyeomba apunguziwe, hakuna rundo lililobaki jioni bila mnunuzi. Swali la namna hiyo halina ubaya kwa mtoto anayejifunza kwa mara ya kwanza maana ya asilimia. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuvuki hapo. Tunamaliza shule tukiamini kwamba faida ni jambo la bidhaa moja moja, linalopatikana kwa kutoa bei ya kununulia katika bei ya kuuzia. Kisha tunaingia katika uchumi ambamo watu wengi huishi kwa kilimo na biashara ndogondogo, tukiwa na hesabu isiyolingana na maisha hayo. Hoja yangu ni hii: asilimia ya faida ni habari ya mzigo mzima, tangu fedha zilipotoka mfukoni hadi shilingi ya mwisho iliporudi, na punguzo pamoja na mali iliyododa vimo ndani ya hesabu hiyo tangu mwanzo. Tukifundisha hivyo, swali linalowatoa wanafunzi jasho litakuwa jepesi, na anayeingia sokoni kesho atakwenda na hesabu anayoihitaji.

Tuchukue fumbo la aina ambayo wanafunzi huiogopa. Mfanyabiashara amenunua mashati 100 kwa Sh8,000 kila moja. Amepanga bei ya kuuzia kwa kuongeza asilimia 50 juu ya bei ya kununulia. Mashati 60 yameuzwa kwa bei hiyo, 25 yameuzwa kwa punguzo la asilimia 25, na 15 yamekosa mnunuzi kabisa. Amepata faida ya asilimia ngapi? Mwanafunzi aliyezoea shati moja huona mbele yake asilimia mbili na hajui azifanyeje. Mmoja hutoa 25 katika 50, akajibu 25. Mwingine hutafuta faida ya shati la bei kamili, ambayo ni asilimia 50, na ya shati la punguzo, ambayo ni asilimia 12.5, akazijumlisha na kugawa kwa mbili, akajibu 31.25. Aliye makini zaidi hukumbuka kwamba mashati 60 hayana uzito sawa na mashati 25. Huyu hukokotoa gharama ya mashati 85 yaliyouzwa, Sh680,000, akaitoa katika mauzo ya Sh945,000, akabaki na Sh265,000, yaani karibu asilimia 39. Majibu yote matatu yamefuata utaratibu unaoonekana wa maana, na yote matatu si sahihi.

Sasa tuulize maswali mawili tu. Zilitoka fedha ngapi? Mashati 100 kwa Sh8,000 ni Sh800,000. Zilirudi ngapi? Mashati 60 kwa Sh12,000 ni Sh720,000. Mashati 25 kwa Sh9,000 ni Sh225,000. Mashati 15 hayakuleta kitu. Jumla ni Sh945,000. Tofauti ni Sh145,000, na ukiigawa kwa Sh800,000 unapata asilimia 18 na kidogo. Fumbo limekwisha. Hapakuhitajika kanuni mpya, bali kuzidisha, kujumlisha, kutoa, na kugawa mara moja mwishoni. Ukitazama pengo kati ya jibu hili na lile la asilimia 39 utaona jambo la kufundisha: Sh265,000 kutoa Sh145,000 ni Sh120,000, na hiyo ndiyo gharama kamili ya mashati 15 yaliyododa. Aliyekosea aliyafuta mashati yale kwenye daftari kwa kuwa hayakuleta fedha, akasahau kwamba yalikwisha kuchukua fedha. Mali isiyouzwa haina safu katika mauzo, lakini ina safu kamili katika gharama, na yaliyouzwa ndiyo hubeba mzigo wake.

Chanzo cha makosa haya ni mazoea ya kuitazama asilimia kana kwamba ni namba inayojitegemea. Kila asilimia ni asilimia ya kitu fulani. Katika fumbo letu, ile 50 ilikuwa ya Sh8,000, ile 25 ya punguzo ilikuwa ya Sh12,000, na jibu la mwisho ni la Sh800,000. Asilimia tatu, misingi mitatu, na hakuna ruhusa ya kuzijumlisha wala kuzitoa kama zinavyojumlishwa machungwa. Ndiyo maana anayeongeza bei kwa asilimia 50 kisha akapunguza kwa asilimia 30 habaki na 20; anabaki na 5, kwa sababu 1.5 mara 0.7 ni 1.05. Duka linalopandisha bei kwa asilimia 25 wiki moja kabla ya sikukuu, kisha likatangaza punguzo la asilimia 20, limerudi palepale lilipoanzia bila kumpunguzia mtu hata senti. Anayejua kuuliza “asilimia ya nini?” analindwa akiwa muuzaji na akiwa mnunuzi.

Punguzo lina athari nyingine ambayo hesabu ya shuleni haiisemi kwa sauti ya kutosha. Kwenye shati la Sh12,000 lililonunuliwa kwa Sh8,000, faida ni Sh4,000. Ukipunguza bei kwa robo, shati linauzwa Sh9,000 na faida inabaki Sh1,000. Robo ya bei imeondoka na robo tatu ya faida. Maana yake ni kwamba ili punguzo hilo lilete faida ileile, lazima uuze mashati manne pale ulipokuwa ukiuza moja. Mara nyingine wateja huongezeka kiasi hicho, mara nyingi hawaongezeki. Mfanyabiashara anayetangaza punguzo bila kulifanyia hesabu hii anajua amepunguza bei kiasi gani, lakini hajui amepunguza riziki yake kiasi gani. Hizi ni namba mbili tofauti, na zinatofautiana zaidi kadiri faida ya awali inavyokuwa ndogo.

Umuhimu wa kuhesabu mzigo mzima huonekana wazi zaidi pale swali linapogeuzwa. Badala ya kuuliza faida ilikuwa kiasi gani, tuulize bei iwe kiasi gani ili faida ipatikane. Hili ndilo swali la mchuuzi wa nyanya anayepokea matenga kutoka Ilula mkoani Iringa kwenda kuuza Dar es Salaam. Tuseme amenunua matenga 20 kwa Sh30,000 kila moja na kulipa Sh100,000 za usafiri na ushuru. Mtaji wake ni Sh700,000, yaani Sh35,000 kwa tenga. Anajua kutokana na safari za nyuma kwamba matenga mawili katika 20 yataoza au kupondeka njiani, nayo ni asilimia 10, na anataka faida ya asilimia 20. Akiongeza asilimia 20 juu ya Sh35,000 atauza kwa Sh42,000. Matenga 18 yatampa Sh756,000, na faida yake itakuwa asilimia 8 tu. Akisema ajumlishe 20 za faida na 10 za uharibifu, aongeze 30, atauza kwa Sh45,500 na kupata asilimia 17, bado chini ya lengo. Njia ya mzigo mzima haina kubahatisha: anahitaji zirudi Sh840,000, zitaletwa na matenga 18, kwa hiyo kila tenga liuzwe kwa karibu Sh46,700. Ongezeko la kweli ni thuluthi moja ya gharama, asilimia 33 na kidogo, namba ambayo huwezi kuipata kwa kuchezea 20 na 10.

Tuongeze punguzo ndani yake. Mchuuzi huyo anajua pia kwamba katika matenga 18 mazima, 12 yatauzwa kwa bei kamili siku ya kwanza, na sita yatakayolala yatauzwa kesho yake kwa punguzo la robo. Wanafunzi wengi hapa huweka kalamu chini, ilhali kinachohitajika ni kupima kila kitu kwa kipimo kimoja. Tenga lililopunguzwa bei kwa robo huleta fedha sawa na robo tatu za tenga la bei kamili. Kwa hiyo matenga sita ya punguzo ni sawa na matenga manne na nusu ya bei kamili. Jumla ni 16.5. Gawa Sh840,000 kwa 16.5, unapata karibu Sh50,900. Hiyo ndiyo bei ya kuanzia asubuhi. Mchuuzi atakayeanza na Sh42,000 kwa kuwa alifundishwa kuongeza asilimia 20 atafanya kazi siku mbili, atauza kila tenga zima, na mwisho wa yote atakusanya Sh693,000. Atakuwa amepata hasara ya Sh7,000, huku kila tenga la siku ya kwanza, likihesabiwa peke yake, likimwonyesha faida ya Sh7,000. Hapo ndipo mtu husema mtaji umeliwa na asijue nani kaula.

Hasara ya aina hii si jambo la pembeni. Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba karibu asilimia 14 ya chakula kinachozalishwa duniani hupotea baada ya mavuno kabla ya kufika kwenye maduka ya rejareja. Matunda na mboga huharibika upesi kuliko nafaka. Kwa mtu anayeuza nyanya, mchicha, samaki au maembe, mali isiyouzwa ni sehemu ya kawaida ya biashara kama ulivyo ushuru wa soko. Hata nguo hazikwepi. Anayefungua robota la mitumba hulipia zima kwa bei moja bila kujua ndani mna nini. Nguo nzuri huondoka mapema kwa bei ya juu, za katikati huondoka kwa kupunguziwa, na za mwisho huuzwa kwa bei ya kutupa au hazinunuliwi kabisa. Hana “bei ya kununulia” ya gauni moja. Ana bei ya robota. Kanuni ya bidhaa moja haimfai hata kwa kuanzia.

Kuna watakaosema kwamba wafanyabiashara wetu wanajua hesabu hizi bila kufundishwa, na ushahidi uko upande wao kwa sehemu. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wachuuzi wa Recife nchini Brazil. Walikwenda kwenye meza za biashara wakawauliza bei na chenji kama wateja, kisha wakawapa hesabu zilezile kwa mtindo wa shule. Mitaani watoto walijibu kwa usahihi asilimia 98 ya maswali. Kwenye mafumbo yaliyosimuliwa walipata karibu asilimia 74, na kwenye hesabu tupu za namba walipata karibu asilimia 37. Watoto wale walikuwa watano tu, lakini mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti mkubwa zaidi wa kundi la watafiti walimokuwamo wanauchumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, uliofanywa Kolkata na Delhi nchini India, ukaonyesha mambo mawili. Watoto wanaofanya kazi sokoni waliweza miamala migumu lakini wakakwama kwenye hesabu za kishule, na watoto wa shule wasio na uzoefu wa soko walikwama kwenye hesabu za soko. Ujuzi wa upande mmoja hauvuki wenyewe kwenda upande wa pili. Lazima ujengewe daraja.

Ninachokisoma katika tafiti hizo ni kwamba soko lina jambo la kuifundisha shule, na shule nayo ina jambo la kulifundisha soko. Mchuuzi anapomaliza siku hasemi faida yake kwa tenga moja. Husema “mtaji umerudi”, na baada ya hapo kila kinachoingia ni chake. Hiyo ndiyo njia ya mzigo mzima, nayo imo vichwani mwa watu tayari. Katika fumbo la mashati, mtaji ulirudi lilipouzwa shati la 69, na yote yaliyofuata yalikuwa faida. Mwalimu akianza na fikra hiyo, mtoto ambaye mama yake anauza sokoni ataingia darasani akiwa na kitu mkononi. Lakini soko peke yake halitoshi. Kujua kwamba mtaji umerudi hakukuambii kama mzigo huu ulilipa kuliko ule wa mwezi uliopita uliokuwa na mtaji tofauti, wala kama mkopo wenye riba fulani utalipika. Kwa kulinganisha, asilimia haina mbadala, na asilimia haipatikani bila kumbukumbu. Wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Pingamizi la pili hutoka kwa walimu: mtoto aanze na rahisi, bidhaa moja, ndipo apande. Ninalikubali kwa maana ya siku ya kwanza. Silikubali linapogeuka kuwa kisingizio cha kubaki hapo miaka yote. Swali la bidhaa moja ni mzigo wenye kitu kimoja, hivyo ukimfundisha mtoto kuuliza “zilitoka ngapi, zilirudi ngapi” utakuwa umelijibu hilo na yote yatakayofuata. Ukimfundisha kanuni ya bei ya kuuzia kutoa bei ya kununulia, utalazimika baadaye kumpa kanuni ya pili ya punguzo, ya tatu ya bidhaa zilizoharibika na ya nne ya mzigo mchanganyiko, na atazikariri bila kuona kwamba ni jambo lile lile. Nchini Tanzania, wanaofaulu hisabati katika mtihani wa kidato cha nne wamekuwa kwa miaka mingi chini ya theluthi moja ya watahiniwa. Sababu ni nyingi, ikiwemo ya mtoto aliyejifunza faida na punguzo kwa Kiswahili katika shule ya msingi kukutana na mafumbo marefu zaidi kwa Kiingereza sekondari. Katika hali hiyo, kupunguza idadi ya kanuni za kukariri na kuongeza maana ni huruma kwa mwanafunzi, na ukali wa hesabu haupungui hata kidogo.

Pingamizi la tatu ni la kihasibu, nalo lina uzito. Mashati 15 yaliyobaki hayajageuka majivu, kwa nini tuyape thamani ya sifuri? Ni kweli. Nyanya iliyooza ni sifuri, shati lililododa lina thamani fulani. Kanuni za kimataifa za uhasibu, katika kiwango kinachoitwa IAS 2, hutaka mali iliyobaki ithaminiwe kwa gharama yake au kwa fedha inayotarajiwa kupatikana ikiuzwa, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Mashati yale yakitarajiwa kuuzwa kwa Sh4,000 kila moja, yana thamani ya Sh60,000, na faida ya mzigo inakuwa Sh205,000, karibu asilimia 26. Wafanyabiashara Waislamu wa pwani yetu wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: zaka ya mali ya biashara humtaka mtu, mwaka ukitimia na mali ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, ahesabu bidhaa zilizomo dukani kwa bei ya sasa ya soko na kutoa asilimia 2.5. Huwezi kuitekeleza bila kuziangalia rafu zako na kukiri ukweli wa kilicholala humo. Kwa hiyo pingamizi hili linaongeza nguvu ya hoja badala ya kuidhoofisha. Fumbo zuri la shuleni liseme mali iliyobaki imekuwaje: imetupwa, imerudishwa, au inasubiri kwa thamani gani. Na mwanafunzi azoee kuuliza fumbo linapokaa kimya.

Wapo pia wanaosema kwamba msingi sahihi wa asilimia ya faida ni mauzo, si gharama. Shule zetu hutumia gharama. Kampuni nyingi hutaja faida kama sehemu ya mauzo. Faida yetu ya Sh145,000 ni asilimia 18 ya mtaji, na ni asilimia 15 ya mauzo. Zote mbili ni kweli, mradi msingi utajwe. Tofauti hii hugusa mfuko pale kodi inapotozwa kwa kufuata mauzo badala ya faida. Nchini Kenya, kodi ya mauzo kwa wafanyabiashara wanaouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka imekuwa asilimia 3 tangu Julai 2023. Asilimia 3 husikika kama kitu kidogo. Lakini kwa mfanyabiashara mwenye uwiano kama wa fumbo letu, asilimia 3 ya mauzo ya Sh945,000 ni Sh28,350, karibu moja ya tano ya faida yake yote. Kwa anayebaki na shilingi tano tu katika kila shilingi 100 za mauzo, kodi hiyo huchukua shilingi tatu katika zile tano. Mwananchi asiyeweza kuhamisha asilimia kutoka msingi mmoja kwenda mwingine hawezi kushiriki mjadala wa kodi inayomhusu, awe anaitetea au anaipinga.

Pingamizi la mwisho husikika sana siku hizi: simu inafanya hesabu zote. Simu hugawa na kuzidisha, tena bila kukosea. Haiamui kipi kigawanywe kwa kipi. Yule mwanafunzi aliyepata asilimia 39 hakukosea kugawa, alikosea kuchagua. Kadiri vyombo vya kukokotoa vinavyozidi kuwa rahisi, ndivyo uzito unavyohamia kwenye uamuzi wa nini kihesabiwe, na huo ndio ujuzi ambao fumbo la punguzo na mali iliyododa huujenga kuliko ukurasa mzima wa mazoezi ya bidhaa moja.

Njia hii husaidia pia katika uamuzi mmoja unaowaumiza wengi. Muuzaji mwenye mashati 15 yaliyododa akipata mteja wa kuyachukua yote kwa Sh5,000 kila moja, mara nyingi hukataa kwa kuwa “siuzi chini ya bei niliyonunulia”. Kwa hesabu ya shati moja, anaona hasara ya Sh3,000 mara 15. Kwa hesabu ya mzigo, Sh800,000 zilikwisha toka na hazitarudi kwa kukataa. Sh75,000 za mteja huyu zinapandisha faida kutoka Sh145,000 hadi Sh220,000, yaani asilimia 27.5. Ni kweli kwamba kushusha bei kila mara huwafundisha wateja kusubiri, na hilo lihesabiwe. Ni kweli pia kwamba aliyejua mapema kuwa mashati 15 yataishia kwa bei hiyo angepaswa kununua kidogo zaidi. Lakini uamuzi wa kununua una wakati wake, na uamuzi wa kuuza kilichobaki una wakati wake. Anayehesabu bidhaa moja moja huchanganya nyakati hizo mbili, akalaza mali hadi ikapoteza hata ile thamani ndogo iliyokuwa nayo.

Mabadiliko ninayoyadai hayahitaji bajeti kubwa. Tanzania ilianza kutekeleza mitaala mipya Januari 2024, na Kenya ilifanya mtihani wake wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023 ikihamia mtaala wa umilisi. Nchi zote mbili zimesema zinataka mwanafunzi anayeweza kufanya jambo, zaidi ya kulikariri. Basi waandishi wa vitabu waanze sura ya faida na hasara kwa jedwali lenye safu mbili, fedha zilizotoka na fedha zilizorudi, na waweke mali iliyobaki katika mazoezi ya kwanza badala ya kuificha kwenye swali la mwisho lenye nyota. Watunga mitihani waulize bei ya kuanzia asubuhi, si faida ya jioni pekee. Walimu wawatume wanafunzi sokoni kuuliza tenga lina gharama gani na ngapi huoza, kisha wahesabu pamoja. Wanaotoa mikopo na mafunzo kwa wajasiriamali waache kuwafundisha watu “kuongeza asilimia 20” bila kuwauliza ni kiasi gani kitaharibika na kiasi gani kitauzwa kwa punguzo. Mtoto anayemaliza shule akiweza kulikokotoa fumbo la mashati 100 bila woga anaweza kupanga bei, kupima mkopo, kusoma tangazo la punguzo na kuhoji kodi. Kazi hizo nne atazifanya maisha yake yote, na hesabu ya zote nne inaingia katika vipindi vichache vya darasani tukiamua kuuhesabu mzigo wote.